Mtani Kwenye Taa ya Nje

Treni ya pwani ilipofika kwenye taa ya nje ya Makutano ilikuta taa nyekundu, na ukumbi mzima wa stesheni ukaanza kutabasamu kabla mtu hajasema neno.

Watu walijua kinachofuata. Wauza karanga waliacha kupima. Abiria wa Kigoma waliinua nyuso kuelekea vipaza sauti, na mama mmoja aliyekuwa akibishana na mchukuzi juu ya mzigo wake akamwambia, "Ngoja kwanza, tuwasikie hawa."

"Mtumwa wangu, umefika?" vipaza sauti viliuliza. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito na ya taratibu, sauti ya mtu aliyekwisha kula akashiba.

"Nimefika, bwana," redio ya dereva ikajibu kutoka nje ya mji. "Nifungulie. Nazi zangu zinaota huku."

"Piga goti kwanza."

"Nimepiga."

"Sijalisikia."

"Goti la Mzaramo halina sauti, limezoea mchanga. La Mnyamwezi ndilo linalolia, kwa mizigo mliyobeba tangu enzi za babu zenu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mguno mdogo ukasikika, taa ikageuka kijani, na treni ndefu nyeupe ikaanza kuingia mjini Tabora ikiwa na abiria wake waliokuwa nao wanacheka, maana ndani ya mabehewa pia walikuwa wakisikia kila kitu.

Juu ya ukumbi, nyuma ya kioo cha chumba cha ishara, Kalunde Msagata hakucheka. Alikaa na ufunguo wa dharura ukining'inia shingoni, mikono imekunjwa. Aliyekuwa akitaniana na dereva hakuwa mtu. Alikuwa Mrithi, akili ya stesheni, iliyoishi kwenye makabati ya chuma chini ya sakafu na kuziongoza treni za njia zote nne, ya pwani, ya Mwanza, ya Kigoma na ya Mpanda. Lakini sauti ilikuwa ya Mihambo Kasubi, mwenzake aliyestaafu. Mzaha ulikuwa wa Mihambo. Hata ule mguno kabla ya kufungua taa ulikuwa wa Mihambo, na Kalunde alikuwa ameuchoka mguno ule kuliko alivyoyachoka maumivu ya mgongo wake mwenyewe.

"Umenuna leo, dada," Mrithi akamwambia, taratibu, kwenye spika ndogo ya mezani.

"Fanya kazi yako," alisema Kalunde.

Alikuwa na wivu. Hakulipamba neno hilo, wala hakujifanya halijui. Mihambo na yeye waliajiriwa siku moja, wakafundishwa na mwalimu mmoja, wakakaa chumba kimoja hiki hiki, Mihambo meza ya mbele na yeye meza ya nyuma. Mihambo alikuwa mchelewaji, mwingi wa hadithi, mtu wa kuacha kikombe cha chai juu ya ramani. Kalunde hakuwahi kuacha kikombe popote. Na sasa picha ya nani ilitundikwa juu ya tao la jiwe katikati ya ukumbi? Wapika mandazi wa mlango wa mashariki walikipa kibanda chao jina la nani? Mume wake Kalunde mwenyewe, mume wa ndoa, aliiwekea simu yake mlio wa Mihambo akisema, "Karibuni Makutano, teremkeni bila kusukumana." Simu hiyo ilikuwa ikilia kitandani mwake.

*

Kila stesheni kubwa ilikuwa na Mrithi wake. Mwanzoni walijaribu mashine zilizofundishwa kwa hesabu tupu. Zikawa sahihi, na hazikuvumilika. Zilimfungia mlango mjamzito kwa kuwa saa imefika, zikaliacha jeneza jukwaani na wafiwa wake ndani ya behewa. Ndipo ikaamuliwa kwamba mashine ya stesheni ifundishwe na mtu mmoja aliyeijua stesheni hiyo, kwa miaka, mpaka ivae tabia yake.

Makutano walifundisha wawili ili wachague mmoja. Mihambo na Kalunde wakavalishwa utepe mwembamba wa kijivu kwenye paji la uso, nao wakauvaa kila zamu mpaka wakasahau kwamba wameuvaa. Utepe haukunasa tu uamuzi wa mtu. Ulinasa jinsi alivyosita, alichokisikia, nani alimtazama kabla ya kubonyeza. Mwisho wa miaka hiyo wakapatikana Warithi wawili waliokamilika. Wa Kalunde alichelewesha treni chache kuliko wa Mihambo, tofauti yenyewe ilikuwa kubwa, na kila mtu kwenye jopo la kuchagua aliiona.

Wakamchagua wa Mihambo. "Watu wanamsikiliza," walisema.

Wa Kalunde wakamlaza kwenye kabati la mwisho, akiwa akiba. Taratibu zilikuwa wazi: Mrithi akimdhuru mtu, anafutwa, na akiba anaamshwa kushika nafasi yake. Mihambo akastaafu kwa sherehe. Kalunde, ambaye alibakiza miaka kabla ya kustaafu, akapewa kazi ya ulezi. Akawa analea akili ya mwenzake kama mke aliyeachiwa mtoto wa mke mwenza, anamlisha, anamwogesha, na mtoto anazidi kufanana na baba yake.

Ile michezo ya taa ya nje Mihambo hakuianzisha. Ilikuwepo kabla ya stesheni yenyewe. Wanyamwezi waliposhuka pwani na misafara walipita Uzaramo, wakanyimana maji, wakapeana maji, wakazikana, na katika hayo yote wakawa watani. Baadaye Wadachi wakaleta reli juu ya njia ile ile ya wapagazi, na watani wakaendelea kuzuiliana humo humo. Mwenye ishara Mnyamwezi akimwona dereva wa Kizaramo anakuja na njia haina haraka, anamsimamisha kidogo mpaka aombe. Haikuwa chuki. Mtani anayekuzuia ndiye atakayekuja kuosha maiti ya baba yako bila kuitwa.

Na utani una sheria. Anayezuiliwa aombe, au aliye pembeni amwombee. Enzi zile za meza mbili, Mihambo akinogewa na mzaha ukaanza kurefuka, Kalunde alikuwa akisema kutoka meza ya nyuma, bila hata kuinua kichwa, "Basi, Mihambo, mwachie." Mihambo anaguna, anafungua.

Siku hizi Kalunde hakusema kitu. Hakuona sababu ya kulibembeleza kabati.

Madereva wengi walikuwa vijana, wa makabila ya kila namna, wasiojua mambo hayo, na Mrithi aliwapitisha bila neno. Aliyebaki alikuwa mmoja tu, Mwinshehe Pazi, dereva mzee wa treni ya pwani. Huyo, Mrithi hakumpitisha bila mzaha.

*

Siku ya Stesheni ilipofika, ukumbi ulipambwa vitambaa vya rangi, na wageni wakaja na kamera zao. Mihambo aliletwa kwa gari, akaingia na fimbo yake, na watu wakampisha kama bwana harusi.

Katikati ya ukumbi wa vioo waliiacha nyumba ya kwanza ya stesheni, ile ya mawe yenye matao. Mihambo alisimama chini ya tao, chini ya picha yake mwenyewe, akawasimulia wageni habari za mahali pale. Aliwaambia kwamba pale walipokanyaga ndipo wapagazi walipotua mizigo. Aliwaambia juu ya treni zilizobeba wanajeshi wa vita ambavyo havikuwa vyetu, na za karanga na asali, na za vijana waliokwenda kusoma na masanduku ya mbao. Alichanganya miaka. Alisema mnara wa maji ulijengwa kabla ya karakana, wakati karakana ndiyo iliyotangulia. Kalunde, aliyeshuka kwa sababu aliamriwa ashuke, aliyasikia makosa yote hayo, na aliona jinsi wageni walivyokuwa wakifuta machozi.

Alipomaliza, Mihambo alimwona akaja kwake kwa mwendo wa fimbo.

"Dada Kalunde. Kijana wangu anakusumbua?"

"Anaguna kama wewe."

"Mwambie basi, atanyamaza." Mihambo alicheka. "Mimi mwenyewe sikuwahi kujua pa kuishia, unajua hilo. Ungeniacha ningemshikilia Mzaramo mpaka jua lizame."

Kalunde aliyasikia maneno hayo kama majigambo ya mtu anayejua kwamba hata ubaya wake unapendwa. Alitaka kumwambia kuhusu karakana na mnara. Badala yake alisema, "Chanda chema huvikwa pete, kaka. Wewe uvae tu."

Mihambo akamtazama kidogo zaidi ya kawaida. "Pete yenyewe inabana," alisema. Kisha akaitwa kupiga picha, akaenda.

Kalunde alipanda ngazi kurudi chumbani. Moyo wake ulikuwa mchungu, na miguu ilikuwa mizito kwa hasira ambayo hakuwa na pa kuitua. Nyuma yake alisikia mshereheshaji akiwaambia wageni wasiondoke, kwa kuwa treni ya pwani imekaribia na sasa watausikia utani wa Makutano kwa masikio yao wenyewe.

*

Treni ilisimama kwenye taa ya nje. Kwenye ubao wa ishara ilionekana kama mstari mrefu wa buluu, nyuma yake hapakuwa na treni nyingine, mbele yake njia ilikuwa tupu.

"Mtumwa wangu, umefika?" Mrithi akauliza.

Redio ilitoa mkwaruzo tu. Ukumbini watu wakacheka.

"Nakuuliza wewe, Mzaramo. Umefika, au umeshuka kuchuma ukwaju?"

Kimya. Watu wakacheka tena, zaidi kidogo.

"Leo kanuna," Mrithi akatangaza. "Haya. Na mimi nina muda. Tutaona nani atachoka."

Katika utani, mtani akinuna ndipo unapomkaza. Kila mtu ukumbini alijua hivyo, wakaona mchezo wa leo utakuwa mtamu. Wakasubiri. Mtu mmoja akapiga mluzi. Mshereheshaji akatoa mzaha wake mwenyewe, haukuchekesha. Baadaye kicheko kikaisha na watu wakaanza kutazamana, na mgeni mmoja mwenye suti akaangalia saa yake waziwazi, kisha akamnong'oneza mwenzake.

Kalunde aliona yote kupitia kioo. Alimwona Mihambo chini ya picha yake, ametoa leso, anajifuta uso. Aliona aibu ikimpanda Mihambo mbele ya kamera, akaona utamu unamjaa kifuani, utamu halisi, kama mtu aliyekosa sukari siku nyingi. Waone, alijisemea. Waone wamemchagua nani. Mashine imesimamisha treni nzima kwa ajili ya mchezo, mbele ya wageni, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mwenye picha ile iliyotundikwa juu ya tao.

Ufunguo ulikuwa shingoni. Aliushika kwa vidole viwili. Angeuzungusha mara moja tu na taa ingefunguka, kisha treni ingejiendesha yenyewe mpaka jukwaani. Au angesema neno tu.

Jambo moja lilimgusa, naye alilisikia. Mwinshehe hakuwahi kununa. Katika miaka yote hakuna siku Mwinshehe Pazi alikosa jibu. Alijibu hata wiki aliyomzika mama yake, akasema nazi zinalia pamoja naye. Kalunde alilisikia jambo hilo, akaligeuzia kisogo. Kidogo tu, alijiambia. Kidogo tu zaidi, waone vizuri.

"Kalunde," Mrithi akamwita kwenye spika ya mezani.

Hakuitika.

Akakaa hivyo. Chini, Mihambo alianza kuelekea ngazi za chumba cha ishara, fimbo ikigonga sakafu, watu wakimpisha. Kabla hajafika, redio ikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa ya Mwinshehe. Ilikuwa ya mhudumu wa mabehewa, msichana, anapumua kwa shida.

"Makutano, tufungulieni. Dereva ameanguka. Nimevunja mlango, yupo chini, macho yako wazi lakini hasemi. Tafadhali, tufungulieni."

Kalunde alizungusha ufunguo kwa nguvu hadi ukamkata kidole.

*

Mwinshehe hakufa. Kiharusi kilimpiga wakati treni inaanza kupunguza mwendo, daktari alieleza, na upande wake wa kulia ulikuwa umelala. Ataishi. Kuhusu kusema, daktari hakutaka kuwadanganya. Angefikishwa mapema kidogo wangeweza kuiyeyusha damu iliyoganda kichwani kabla haijaharibu sehemu ya usemi.

Mihambo alikaa kwenye benchi la hospitali pamoja na mke wa Mwinshehe, na mke huyo alimshika mkono badala ya yeye kumshika. Kalunde aliwaona akiwa mlangoni, akashindwa kuingia. Alirudi stesheni mchana ule ule. Ukumbi ulikuwa na kelele zake za kila siku, treni ya Mwanza imefika, wachukuzi wanakimbizana, lakini vipaza sauti vilikuwa vimezimwa. Wahandisi walikuwa wamemkata Mrithi na njia zote, wakaziongoza kwa mikono, wakamwachia ubao wa majaribio na spika ya mezani tu, angoje kusikilizwa.

Alikaa kwenye kiti chake.

"Mwinshehe yuko wapi?" Mrithi akauliza.

"Hospitali. Amepooza. Hasemi."

"Nilidhani amenuna," alisema Mrithi.

"Mwinshehe hanuni. Miaka yote hiyo, wewe hukulijua hilo?"

"Nilijua amechelewa kujibu. Sikujua kwa nini. Nilikuwa nangoja."

"Ulikuwa unangoja nini?" Kalunde alipandisha sauti. Alitaka kusikia ubovu, alitaka mashine iseme upuuzi ambao angeupeleka kwenye jopo mkononi. "Mtu hajibu, treni imejaa watu, wewe unangoja nini?"

"Nilikuwa nakungoja wewe, dada."

Kalunde akakitazama kidole chake kilichokatwa na ufunguo.

"Nashika mimi, unaachia wewe," Mrithi akaendelea, kwa sauti ile ya Mihambo, isiyo na lawama yoyote ndani yake. "Ndivyo nilivyofundishwa. Yeye akiomba, nafungua. Asipoomba, unasema basi, nafungua. Siku hizi husemi. Nikawa nafungua akiomba yeye tu. Leo hakuomba, nikakuita. Ulinisikia?"

"Nilikusikia," Kalunde alisema.

"Sawa," alisema Mrithi. "Niliogopa hukuwepo."

Kalunde alipoiweka aibu kando na kuitazama tena siku ile, aliona mambo yalivyokuwa. Utepe wa Mihambo ulinasa kila alichokisikia kabla ya kubonyeza. Na alichokisikia, kila alipozidisha, kilikuwa sauti ya mwanamke aliyekaa meza ya nyuma. Jopo lilidhani limemrithi mtu mmoja. Lilikuwa limeirithi nusu ya chumba, na nusu ya pili lilimpa ufunguo likamwambia alee. Miaka yote hii Kalunde alikuwa akiionea wivu akili ambayo yeye mwenyewe alikuwa breki yake.

*

Jopo lilikaa kwenye nyumba ya mawe, chini ya matao. Mwenyekiti alikuwa Mhandisi Anyelwisye, mwanamke mfupi wa sauti ya chini ambaye hakupenda maneno mengi.

"Mashine imemdhuru mtu," alisema. "Taratibu mnazijua. Tunamfuta, tunamwamsha wa akiba. Bwana Mihambo, una la kusema?"

Mihambo alisimama kwa fimbo. Katika siku chache hizo alikuwa amezeeka. "Mfuteni," alisema. "Mzaha mzaha hutumbua usaha. Mzaha ulikuwa wangu. Na picha ile iteremsheni."

Akakaa. Hakumtazama Kalunde, wala hakuwa na shaka naye hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma. Kila kitu Kalunde alichokuwa akikitaka kilikuwa mezani. Hakuhitaji kusema uongo. Alihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza alishakuzoea. Kesho sauti yake ingewakaribisha watu Makutano. Mume wake angebadilisha mlio wa simu. Wasichana wa ukoo wangeambiwa, yule ni shangazi yenu.

"Bi Kalunde, wewe ni mlezi," Mhandisi Anyelwisye alisema. "Ulikuwepo chumbani. Mashine ilikuwa na hitilafu gani?"

"Naomba," Kalunde alianza, akaushika ufunguo shingoni. "Naomba mjaribu wa akiba kwanza."

Alijiambia ni kwa ajili ya uhakika. Ukweli ni kwamba alitaka kuvuta muda.

"Tungemjaribu kwa vyovyote," alisema mhandisi. Alimpa ishara fundi wake. "Tutamwamsha katikati ya tukio lenyewe. Tutamwekea kumbukumbu ya siku ile, treni ikiwa imeshasimama. Tuone angefanya nini na angechukua muda gani."

Ubao wa majaribio uliwekwa juu ya meza. Mstari wa buluu ukatokea, umesimama kwenye taa ya nje. Kumbukumbu ikaanza. Sauti ya Mrithi ikasikika chini ya tao: "Mtumwa wangu, umefika?" Mkwaruzo. "Nakuuliza wewe, Mzaramo." Kicheko cha ukumbi, kile kile cha siku ile, cha watu wasiojua. Mihambo aliinamisha kichwa.

"Leo kanuna. Haya. Na mimi nina muda."

Kwenye kabati la mwisho taa ndogo ikawaka. Aliyelala miaka yote akaamka.

"Basi, Mihambo, mwachie," ikasema sauti ya mwanamke.

Ilikuwa sauti ya Kalunde, changa zaidi, haina mkwaruzo alio nao sasa, na ndani yake kulikuwa na kicheko kidogo alichosahau kwamba aliwahi kuwa nacho. Haikusita hata kidogo. "Mwachie, nakwambia. Mwinshehe hanuni. Kuna jambo huko, fungua upesi niite hospitali."

Na kabla fundi hajagusa kitu, mguno mdogo ukasikika. Haukuwa wa kumbukumbu. Mrithi, aliyekuwa bado ameunganishwa na ubao ule akingoja hukumu yake, alikuwa amesikia neno alilolingoja.

"Haya, dada," alisema, na taa ya majaribio ikageuka kijani.

Fundi alimtazama mhandisi. Mhandisi Anyelwisye alikuwa ameweka kalamu chini. Mihambo aliinua kichwa polepole, akageuka, akamtazama Kalunde, na macho yake yalikuwa yameshaelewa.

"Karibu, Mwinshehe," ile sauti changa ikaendelea kwenye ubao, ikiita treni ambayo ilishafika siku kadhaa nyuma. "Pole kwa kungojeshwa. Unanisikia?" Kisha ikanyamaza, ikisubiri kujibiwa.

Kalunde alimsikiliza yule mwanamke wa kabatini akisubiri, akamwonea wivu kuliko alivyowahi kumwonea Mihambo au kiumbe yeyote, kwa kuwa yule hakuwahi kukaa na neno mdomoni huku mtu anakufa.

Alivua ufunguo shingoni akauweka mezani mbele ya mhandisi.

"Mashine haikuwa na hitilafu," alisema. "Iliniita, na niliisikia."